Bila Mguso, Lakini Gusa Hapa

Kwenye mashine ya kulipia kuna alama ya mistari minne iliyopinda, kama viwimbi vya jiwe lililotupwa majini, ila upande mmoja tu. Fundi wa mashine hizo atakuambia alama ile maana yake ni "bila mguso". Muuzaji naye, akikuona umesimama na kadi mkononi hujui uifanyeje, atakuambia, "Gusisha hapo." Mmoja anasema hakuna kugusa, mwingine anasema gusa, na wote wawili wanazungumzia kitendo kilekile. Hakuna aliyekosea.

Utata huu hautokani na tafsiri mbaya. Unatokana na neno "mguso" lenyewe, ambalo katika habari hii limebebeshwa maana tatu zisizofanana. Ya kwanza ni ya mafundi wa umeme: chuma hakikutani na chuma, hakuna waya wala tundu linalounganisha kadi na mashine. Ya pili ni ya watu wa afya: kiganja hakigusi bomba, kitasa wala kitufe. Ya tatu ni ya mahusiano ya watu: mzigo unaachwa mlangoni, na mpokeaji anafungua mlango mletaji akiwa ameshaondoka.

Ukizichanganya, unapotea. Chukua mtu aliyegusisha kadi yake, mashine ikalia, kisha ikamwomba namba ya siri, naye akabonyeza tarakimu nne kwenye vitufe vilivyobonyezwa na watu kutwa nzima kabla yake. Kwa fundi wa umeme, muamala huo haukuwa na mguso hata kidogo. Kwa muuguzi, umejaa mguso. Nitazipitia maana hizo moja moja, ingawa sitazigawia nafasi sawa, kwa sababu ya kwanza ndiyo watu huitumia kila siku bila kujua kinachotokea.

Kibandiko cha dhahabu na adui zake

Kadi nyingi za benki zina kibandiko kidogo cha rangi ya dhahabu kilichogawanyika vipande vipande. Tumezoea kukiita chipu, lakini chipu halisi imejificha nyuma yake. Kinachoonekana ni vituo vya mguso tu, na kila kipande kina kazi yake: kimoja kinaingiza umeme, kingine kinaurudisha, kingine kinapokea mapigo ya kuongoza mwendo wa chipu, kingine kinapitisha data. Mfaransa Roland Moreno alisajili uvumbuzi wake wa kadi yenye kumbukumbu mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 kadi za aina hiyo zikaanza kutumika Ufaransa kwenye simu za vibandani.

Zilifanya kazi vizuri, ila zilikuwa na adui wa kila siku: vumbi, jasho, kutu na mikono yenye haraka. Tundu la kuchomekea kadi hujaa uchafu. Visindano vya ndani hupinda. Mtundu mmoja mwenye kijiti cha kiberiti anaweza kuifanya mashine isitumike siku nzima. Na kwenye mageti ya treni, ambako umati hupita kwa dakika chache za asubuhi, kuchomeka na kuchomoa kadi ni foleni isiyokwisha. Wahandisi hawakuuondoa mguso kwa ajili ya vijidudu, basi. Waliuondoa kwa ajili ya matengenezo na mwendo. Mashine isiyo na tundu inaweza kuzibwa kabisa, ikanyeshewa mvua na kupanguswa kwa kitambaa, na bado ikasoma kadi.

Lakini ukishaondoa vile vituo vya dhahabu, umeondoa pia njia ya umeme. Kadi haina betri, na chipu ni kompyuta ndogo inayohitaji umeme ili iwaze. Umeme huo unatoka wapi?

Jibu lina umri wa karibu miaka 200. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba ukibadilisha nguvu ya sumaku inayopita katikati ya mzunguko wa waya, mkondo wa umeme huzaliwa ndani ya waya huo, hata kama haujaunganishwa na chochote. Sasa, ndani ya plastiki ya kadi yako kuna waya mwembamba au ukanda wa metali uliozungushwa mara chache. Ndani ya mashine nako kuna mzunguko mwingine, na umeme wake hugeuza mwelekeo kwenda na kurudi mara milioni 13.56 kila sekunde. Ukileta kadi karibu, uga wa sumaku wa mashine hupita katikati ya waya wa kadi, mkondo mdogo ukazaliwa humo, chipu ikaamka. Kadi haikuja na umeme. Imeazimwa na mashine kwa muda wa maongezi yao.

Kuamka ni nusu ya kazi. Kadi lazima ijibu, na haina nguvu ya kurusha mawimbi yake yenyewe. Hapa ndipo penye ujanja ninaoupenda kuliko yote. Fikiria mtu anayevuta maji kwenye kisima kirefu. Haoni chini, lakini mikono yake inajua ndoo imejaa, imepungua, au imenasa ukutani; uzito wa kamba unamwambia. Kadi hujibu kwa njia hiyohiyo. Chipu hubadilisha haraka haraka kiasi cha umeme inachokula, mara kingi, mara kidogo, na mashine huhisi mabadiliko hayo kwenye waya wake kama mvutaji anavyohisi uzito wa ndoo. Mpangilio wa kula kingi na kidogo ndio ujumbe. Kasi ya kawaida ya kuanzia ni kilobiti 106 kwa sekunde, ambayo kwa kutazama video ni mwendo wa kobe, lakini kwa kupitisha namba na uthibitisho inatosha na kubaki.

Wazo la kifaa kisicho na betri kinachoamshwa kutoka nje lilikuwa na historia ya kijasusi kabla halijafika kwenye pochi zetu. Mwaka 1945 balozi wa Marekani mjini Moscow alizawadiwa na watoto wa Kisovieti nembo ya nchi yake, iliyochongwa kwa mbao. Akaitundika. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na mvumbuzi wa Kisovieti, Leon Theremin, kisicho na betri wala waya, ambacho kilifanya kazi pale tu kilipomulikwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo. Kiligunduliwa mwaka 1952. Kadi yako ni mjukuu wa mbali wa zawadi ile, ingawa inasema tu ikiulizwa kutoka karibu sana.

Na huo ukaribu ni jambo la kuelewa vizuri. Nguvu ya uga wa sumaku wa waya mdogo haipungui polepole kama mwanga wa taa. Ukishatoka kidogo nje ya waya wenyewe, kila unapozidisha umbali mara mbili, nguvu hushuka takriban mara nane. Ndiyo maana kadi za malipo husomeka ndani ya sentimita chache tu, kwa kawaida zipatazo nne. Wengi hudhani huo ni udhaifu ambao siku moja utatatuliwa. Umewekwa kwa makusudi. Kama mashine ingeweza kusoma kadi kutoka mita tano, ungelipia bidhaa za mtu aliye mbele yako kwenye foleni. Ufupi wa masafa ndio unaosema: aliyelipa ni huyu, na alitaka kulipa.

Simu imeingia kwenye mchezo huu na faida moja: ina betri yake, kwa hiyo inaweza kujifanya kadi na inaweza pia kujifanya mashine. Kampuni za Nokia, Philips na Sony zilianzisha mwaka 2004 umoja wa kusimamia viwango vya mawasiliano haya ya karibu, yale yanayofahamika kwa herufi NFC. Ndiyo maana leo simu ya muuzaji inaweza kupokea malipo kutoka kwa simu ya mnunuzi, mgongo kwa mgongo, bila mashine ya tatu.

Kwa nini basi tunaambiwa tuguse?

Hili swali lina jibu, na jibu lake lilipatikana kwenye mageti ya treni nchini Japani.

Hong Kong ilianza kutumia kadi yake ya usafiri, Octopus, mwaka 1997. London ikafuata na Oyster mwaka 2003. Katikati, Novemba 2001, eneo la Tokyo likapata Suica. Walioiandaa Suica waligundua tatizo ambalo halikuwa la umeme wala la programu. Lilikuwa la mikono. Kadi ilihitaji kubaki ndani ya uga wa geti kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini watu hawakujua sehemu hiyo iko wapi wala inadumu muda gani. Wapo walioipunga kadi hewani kama wanamuaga mtu. Wengine waliisimamisha wima, au wakaipitisha kwa kasi na kuiondoa kabla maongezi hayajaisha. Geti likafunga, foleni ikagongana.

Mbunifu Shunji Yamanaka alijaribu maumbo mbalimbali na watu wa kawaida, akatazama mikono yao. Kilichosaidia ni sehemu ya kusomea inayong'aa, iliyoinamishwa kidogo kumwelekea abiria, zaidi kidogo ya nyuzi 13. Pamoja na hilo, abiria wakaambiwa waguse. Umeme hauhitaji mguso huo. Unaouhitaji ni mkono. Mtu akiambiwa "pitisha" atapitisha, na akiambiwa "gusa" mkono wake utasimama kidogo juu ya kitu kigumu kabla ya kuondoka, na kusimama huko kudogo ndiko kunakoipa chipu nafasi ya kumaliza sentensi yake. London nao waliwaandikia abiria wao waguse wakiingia na waguse wakitoka.

Kwa hiyo yule muuzaji anayesema "gusisha hapo" anatoa maelekezo bora kuliko jina rasmi la teknolojia. Kama mashine imegoma kusoma kadi yako, mara nyingi dawa ni kutulia: ilaze bapa juu ya alama, uiache mpaka ilie. Na kama pochi yako ina kadi tatu, itoe unayoitaka. Mashine ikihisi zaidi ya kadi moja kwenye uga wake, inaweza kukataa muamala ili isichague kwa niaba yako. Na kwenye geti la treni inaweza kuchukua nauli kwenye kadi ambayo hukuikusudia.

Kutaja jina si kujithibitisha

Hofu kubwa ya watu iko hapa. Kama kadi inazungumza na mashine yoyote inayoikaribia, mwizi mwenye mashine ndani ya mkoba anashindwa nini kupita kwenye msongamano akikusanya pesa?

Ili kujibu lazima tutofautishe kadi za namna mbili. Ipo kadi inayotaja jina lake tu. Ukiiamsha inasema, "Mimi ni namba fulani," na mlango unafunguka kwa sababu namba hiyo imo kwenye orodha. Kadi nyingi za zamani za milango ya ofisi na hoteli ni za namna hii, au zina kinga hafifu. Aliyesikia namba anaweza kuiandika kwenye kadi nyingine tupu na kuingia. Hata kadi zilizodaiwa kuwa na siri ziliwahi kuumbuka: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud mjini Nijmegen, Uholanzi, walionyesha jinsi ya kuvunja ulinzi wa chipu ya MIFARE Classic, ambayo wakati huo ilitumika kwenye usafiri na milango katika nchi nyingi. Chanzo kilikuwa fomula ya usimbaji, yaani ya kugeuza ujumbe kuwa siri, iliyofichwa badala ya kujaribiwa hadharani, pamoja na ufunguo mfupi.

Namna ya pili ni kadi inayojithibitisha. Ya benki ni ya kundi hili. Mashine huipa kiasi cha fedha, tarehe, na namba ya kubahatisha ambayo kadi haikuwahi kuiona. Kadi huvichanganya hivyo na hesabu ya miamala yake yenyewe, kisha huvipiga muhuri kwa ufunguo wa siri ambao hautoki kamwe nje ya chipu. Kinachorushwa ni muhuri, na ufunguo unabaki ndani. Benki, yenye uwezo wa kuuhakiki muhuri huo, inakubali au inakataa. Mtu aliyenasa mawasiliano yote na kuyarudia kesho hapati kitu, maana muhuri wa jana haufai kwa namba ya kubahatisha ya leo.

Je, mwizi wa msongamano hapati chochote kabisa? Kwa kadi nyingi anaweza kupata namba ndefu na tarehe ya kuisha. Zile tarakimu tatu za nyuma, ambazo maduka mengi ya mtandaoni huziomba, hazimo. Akitumia mashine halali ya malipo, anahitaji akaunti ya mfanyabiashara iliyosajiliwa, na pesa itaingia humo na jina lake juu. Ni wizi wa mtu anayeacha kitambulisho mlangoni. Kwa sababu hiyo pochi zinazouzwa kwa madai ya kuzuia mawimbi naziona kama mwavuli wa kujikinga na mwezi. Sinayo, na sijutii.

Hatari za kweli ni za kawaida zaidi. Kadi iliyodondoka inaweza kutumiwa na aliyeiokota, kwa kuwa miamala midogo haidai namba ya siri. Ndiyo maana kuna vikomo, na vikomo hivyo ni maamuzi ya watu, si sheria ya fizikia. Uingereza ilipoanza mwaka 2007 iliruhusu pauni 10 kwa muamala. Aprili 2020 ikafika 45, na Oktoba 2021 ikawa 100. Umoja wa Ulaya uliweka yuro 50 kwa muamala mmoja, na kutaka mteja athibitishwe upya baada ya jumla ya yuro 150 au miamala mitano mfululizo. Ukishangaa kwa nini siku fulani mashine imekudai namba ya siri kwa kitu kidogo, huenda hesabu hiyo ndiyo iliyofika ukingoni. Hatari nyingine ni uvivu wa macho: watu hugusisha kabla ya kusoma kiasi kwenye kioo.

Simu iko salama zaidi ya kadi, jambo linalowashangaza wengi. Kwa kawaida haikubali kulipa mpaka ione uso wako, ihisi kidole chako au upige nywila, na mara nyingi haibebi hata namba halisi ya kadi yako. Inabeba namba mbadala iliyotolewa kwa ajili ya simu hiyo tu. Duka likivamiwa na data zake zikaibwa, mwizi atakuwa na namba isiyomfaa kwingine.

Pasipoti nayo inastahili sentensi mbili tatu, kwa jinsi ilivyotatua tatizo hili. Chipu iliyo ndani ya pasipoti ya kielektroniki haizungumzi na kila anayeigongea. Inataka kwanza ithibitishiwe kwamba anayeuliza ameiona pasipoti ikiwa wazi, na ufunguo wake hutengenezwa kutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha, zilizochapwa kwenye mistari miwili ya chini. Afisa lazima afungue kitabu ndipo chipu ifungue kinywa.

Kwenye magari yenye ufunguo unaokaa mfukoni, hadithi si nzuri hivyo. Ufunguo na gari hutambuana vizuri, kwa siri nzuri, lakini gari lilikuwa likidhani kwamba sauti ikisikika basi mwenye sauti yuko karibu. Wezi wawili hutumia hilo: mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba na kifaa, mwenzake karibu na gari na kifaa cha pili, wakarefusha maongezi ya ufunguo na gari kama watu wawili wanaopokezana ujumbe juu ya ukuta. Hawajavunja siri yoyote. Wamedanganya umbali. Dawa inayoenea sasa ni kupima muda badala ya nguvu ya mawimbi, kwa vile mawimbi ya redio husafiri kama sentimita 30 kwa kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde na hakuna kifaa cha mwizi kinachoweza kuyaharakisha. Wengine huweka ufunguo ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Hapo kizuizi cha metali kina kazi ya maana kuliko kwenye pochi.

Mkono usioguswa

Maana ya pili, ile ya afya, ina vifaa vyake tofauti kabisa. Bomba la maji linalojifungua halijui wewe ni nani wala halitaki kujua. Linarusha miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho na kusubiri irudi. Mkono ukiwa chini yake, miale inarudi, vali inafunguka.

Kurudi kwa miale ndiko kwenye mtego. Mwaka 2017 ilisambaa video ya mashine ya sabuni chooni: mkono mweupe unapewa sabuni, mkono mweusi unanyimwa, kisha karatasi nyeupe inapewa. Ngozi nyeusi hurudisha kiasi kidogo cha mwanga huo, na aliyepanga kiwango cha chini cha kuamsha mashine inaonekana hakuijaribu kwa mikono ya kila rangi. Tatizo linatatulika kwa kurekebisha kiwango hicho, kazi ya dakika chache kiwandani. Wengi wetu tumewahi kusimama mbele ya bomba tukigeuzageuza viganja, tukionyesha upande wa ndani ambao ni mweupe zaidi, bila kujua kwamba tumeshagundua kasoro na dawa yake.

Kipimajoto cha paji la uso, kwa upande mwingine, hakina ubaguzi huo, japo nacho kinatumia infraredi. Hakirushi kitu ili kirudi. Kinapokea joto ambalo mwili wenyewe unalitoa, miale ya urefu wa takriban mikromita 10, na katika urefu huo ngozi za rangi zote hutoa joto karibu sawasawa. Ile nukta nyekundu ambayo baadhi ya vipimajoto huionyesha ni ya kulengea tu, haipimi chochote. Kinachokidanganya kipimajoto ni jasho, upepo, na mtu aliyetoka juani dakika hiyohiyo. Tena kinapima joto la ngozi, hakipimi ugonjwa: aliyeambukizwa bila homa atapita salama.

Taa za vyoo zinazojiwasha zenyewe zina jamaa wa kifaa hicho ndani yake, kinachotafuta joto linalotembea. Ukikaa tuli mno, kwao umeshaondoka. Ndiyo sababu ya watu kupunga mikono gizani.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, maana hizi mbili zikagongana na kuwa moja kwenye vichwa vya watu. Kadi iliyobuniwa kuokoa vumbi na muda ikageuka ghafla kuwa kifaa cha usafi. Baadaye ikabainika kwamba virusi vile huenea zaidi kwa hewa, na vitu vilivyoguswa vina mchango mdogo. Hata hivyo kugusisha hakukurudi nyuma. Watu walianza kwa hofu, wakaendelea kwa sababu ni haraka.

Msimbo wa QR ulipata umaarufu mpya katika kipindi hicho, ingawa ulizaliwa mwaka 1994 Japani, kwa kazi ya Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave, ili kufuatilia vipuri vya magari. Hauna umeme wala siri: ni picha ya miraba inayosomeka hata sehemu yake, hadi karibu asilimia 30, ikiharibika. Uzuri wake ni kwamba unachapika kwenye karatasi yoyote. Ubaya wake ni huohuo. Karatasi haiwezi kujithibitisha, na tapeli anaweza kubandika msimbo wake juu ya ule wa muuzaji, pesa zikaenda kwingine huku kila mtu akitabasamu. Kabla ya kubonyeza, soma jina la anayepokea kwenye kioo cha simu yako. Hapo ndipo pekee utapeli huo unapoonekana.

Bila mtu, na bila kitufe

Kuhusu maana ya tatu sina mengi, na yaliyopo hayanifurahishi sana. Mzigo unaoachwa mlangoni na kupigwa picha unamfaa mgonjwa, aliye kazini, na asiyetaka kufungulia mgeni. Lakini saini ilikuwa ushahidi wa watu wawili, ilhali picha ni ushahidi wa upande mmoja. Mzigo ukipotea baada ya kupigwa picha, nani anabeba hasara ni suala la masharti ambayo hakuna aliyeyasoma. Na duka linalokataa noti kabisa limeamua pia nani hatanunua humo: asiye na kadi wala simu yenye chaji, na mtoto aliyetumwa na mama yake.

Kuna jambo moja linalozirudisha maana zote tatu kwenye kitu kimoja, nalo ni ridhaa. Kuchomeka kadi kulikuwa ni kukubali. Kugusisha nako ni kukubali, maana mkono umekwenda wenyewe hadi sentimita chache. Simu ilipokuja, watengenezaji hawakuridhika na ukaribu peke yake, wakaurudisha mguso kwa mlango wa nyuma: kwenye baadhi ya simu lazima ubonyeze kitufe cha pembeni mara mbili ndipo ilipe.

Halafu abiria wakalalamika kwamba geti la treni halina subira ya kitufe wala ya kuonyesha uso. Ikaongezwa hali ya haraka ya usafiri, ambayo simu iliyofungwa hulipa nauli bila kuulizwa, na katika baadhi ya iPhone inaendelea kufanya hivyo kwa hadi saa tano baada ya simu kudai chaji imeisha. Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Surrey walichukua iPhone iliyofungwa, yenye kadi ya Visa kwenye hali hiyo, wakaitumia ujumbe uleule ambao mageti ya treni hutumia kujitambulisha. Simu ikaamini iko kituoni. Kupitia vifaa vya kurefusha maongezi, kama vile vya wezi wa magari, ikalipa pauni 1,000 kwenye mashine ya kawaida ya dukani, na hakuna aliyebonyeza kitu.